Moto Uliokosa Njia ya Kurudi

Binamu yangu aliiparamia gari ya mbao kwa nyuma usiku wa masika, muda mfupi baada ya sala ya isha, kwenye mteremko wa njia ya Chake Chake kwenda Mkoani. Alikuwa juu ya Honda ya kuazima. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili, na hadi leo akipanda ngazi hutanguliza wa kulia. Alipopata fahamu alisema jambo ambalo kwa wiki tatu lilimtia aibu kuliko lilivyomuuma goti: "Niliifuata gari tangu Mtambile. Mara gari haipo. Nikaona pikipiki."

Hakuna aliyemwamini. Asubuhi yake gari ililetwa mbele ya askari, dereva akakanyaga breki, askari akasimama nyuma, na taa mbili nyekundu zikawaka, ya kushoto na ya kulia. Basi kijana alikuwa mwendo kasi, au alisinzia, au anajitungia. Shida ni kwamba nyaya za gari ile zilitandikwa na ami yangu, ndugu yake baba, fundi umeme wa magari aliyekuwa na kibanda chini ya mwembe nje kidogo ya Chake. Ikiwa binamu alisema kweli, kazi ya ami ilikuwa mbovu. Ikiwa kazi ya ami ilikuwa nzima, binamu alikuwa muongo. Watu hawa wawili walikula sinia moja kila mchana, na hawakutazamana.

Mwaka ulikuwa 1999. Nilikuwa na miaka 13, na kazi yangu pale kibandani ilikuwa kushika tochi.

Kwa asiyezijua: gari ya mbao ni lori lililoingia kisiwani likiwa na kibini, injini na chasisi tu, mengine yote yakajengwa hapa. Seremala alilaza boriti za mbao ngumu juu ya chasisi, akazifunga kwa bolti, akasimamisha nguzo, akatandika sakafu, akaweka benchi ndefu kila upande, na juu akaezeka paa la kubeba mizigo. Madirisha hayakuwa na vioo. Mvua ikija utingo aliteremsha turubai, na abiria wakaendelea na mazungumzo gizani. Unguja na Bara utasikia zikiitwa chai maharage. Sisi tulisema gari tu, na ikibidi kutofautisha tulitaja namba ya njia: 606 ya Wete, 603 ya Mkoani. Malori yenyewe yalikuwa Bedford za Kiingereza, kisha wakaja Isuzu na Toyota za Kijapani. Mikono iliyozijenga ilikuwa ile ile iliyotengeneza milango, vitanda na vyombo vya baharini. Ami alidai kwamba akilala chini ya gari na kutazama jinsi boriti zilivyoungwa, aliweza kujua kama seremala alianzia kwenye nyumba au kwenye majahazi.

Umbo lile lilitokana na karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ikapona, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwetu. Mashamba yametawanyika vilimani na mabondeni. Mchumaji, gunia lake, mtoto wake na pakacha la ndizi wanataka kwenda pamoja, na wanataka kushukia mahali ambapo hapana kituo. Basi la viti vya kitambaa lisingewafaa. Halafu ikaja miaka ya 1980. Indonesia, mnunuzi mkubwa, ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaporomoka, na fedha ya kununulia lori jipya ikaporomoka nayo. Chasisi ya zamani ikawa inavuliwa bodi iliyooza na kuvishwa nyingine. Mvua zetu hazina huruma kwa mbao. Chasisi moja iliweza kuzika bodi tatu.

Ukisoma habari za magari yaliyotengenezwa Afrika Mashariki utakutana na Nyayo Pioneer, mradi ulioanzishwa na Rais Moi mwaka 1986 na kutoa magari machache ya majaribio mwaka 1990, na pengine utakutana na malori ya Nyumbu ya Kibaha. Hiyo ni historia na ina haki yake. Lakini Pioneer ilipokuwa ikipigwa picha Kenya, magari ya maseremala wetu yalikuwa yameshabeba abiria kila siku kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuyakatia utepe. Nalisema kwa uchungu kidogo wa kifamilia.

Waingereza wana desturi inayokaribiana na hii, ingawa kwao ilikuwa zaidi ya burudani. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman ilianza kuuza Lotus Seven, na wengi waliinunua ikiwa vipande vipande wakaiunga wenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande lilikwepa kodi ya manunuzi iliyotozwa gari kamili. Wengine wakafuata, na bodi nyingi za magari hayo ya kujiungia zilifinyangwa kwa fibaglasi. Hapo ndipo Muingereza kwenye gereji yake na ami yangu chini ya mwembe wake walipouguza ugonjwa mmoja bila ya kujuana. Fibaglasi haipitishi umeme. Mbao nazo hazipitishi, na hata zikirowa hazipitishi wa kutosha kuwasha globu.

Umeme wa betri hauishii kwenye taa. Lazima uzunguke na kurudi ulikotoka. Kwenye gari ya chuma, waya mmoja hupeleka moto kwenye taa, na safari ya kurudi hupita kwenye bodi yenyewe hadi upande wa hasi wa betri, kwa hiyo nusu ya waya inaokolewa. Ujanja huu umeitangulia gari. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil, katika majaribio ya telegrafu kando ya reli, aligundua kwamba waya wa pili hauhitajiki: zika bamba la chuma ardhini kila mwisho wa njia, na ardhi itarudisha umeme. Ndiyo sababu mafundi huuita upande ule ethi, yaani ardhi, hata kwenye gari iliyotenganishwa na ardhi kwa matairi manne ya mpira. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, njia ya kwenda ilikuwa shaba na njia ya kurudi ilikuwa bahari. Napenda kufikiria habari za bei ya karafuu zikienda Ulaya kwa shaba na kukamilisha mzunguko wake ndani ya maji ya chumvi.

Gari ya mbao haina ardhi wala bahari. Kila taa ya nyuma inahitaji waya wake wa pili, unaoshuka kutoka kwenye kitako cha globu hadi kwenye chuma cha chasisi. Waya huo ukikosekana, moto hufika kwenye taa na kukosa pa kutokea. Watu hudhani kwamba hapo taa itazimika tu, na kama ingekuwa hivyo binamu yangu angekuwa na miguu miwili mizima, kwa sababu taa iliyokufa huonekana imekufa na mtu akaipeleka kwa fundi. Moto uliokosa njia hutafuta nyingine.

Ami alianza pale anapoanzia kila fundi. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi ya breki ilikuwa nzima; alizichomoa waya zake mbili, akazigusanisha, taa zikawaka sawasawa na zilivyowaka kwa kukanyaga. Globu alizitoa zote mbili akazisoma maandishi, maana wapo wanaotia globu ya volti 24 ya lori kubwa kwenye gari ya volti 12 ikatoa mwanga wa kibatari. Zilikuwa za volti 12, nyuzi zake hazijakatika. Kisha akachukua taa yake ya majaribio, globu ndogo yenye waya mbili, akabana waya mmoja kwenye chasisi na kwa ule mwingine akagusa moto unaoingia kwenye taa ya kulia. Ikawaka vizuri.

"Moto upo," alisema. Hapo fundi mwenye haraka hufunga boksi lake. Naye alilifunga, mara tatu, kwa siku tatu, na kila mara akalifungua tena.

Alichokosea, na alikuja kulisema mwenyewe, ni kwamba waya mmoja wa taa yake ya majaribio ulikuwa umebana chasisi. Aliuazima moto njia nzuri ya kurudi, kisha akashangaa kuona unarudi. Alipima kuja, hakupima kurudi.

Usiku wa nne alinituma. "Nenda kamwite huyo mwenye mguu." Binamu aliletwa juu ya gari ya ng'ombe, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki hatua thelathini nyuma ya gari, mguu wa plasta juu ya ndoo. Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Pemba ya wakati ule iliishi kwa majenereta ya dizeli, kabla ya waya mkubwa wa chini ya bahari kuja kutoka Tanga mwaka 2010, na giza likiingia lilikuwa giza hasa. Mimi nilipandishwa kwenye kibini kukanyaga pedeli, kwa hiyo jambo lenyewe sikuliona. Nililisikia.

Ami aliniambia niwashe taa ndogo za usiku. Nikawasha. "Kanyaga." Nikakanyaga. Kimya. "Wachia. Kanyaga tena." Nikakanyaga tena. Kikapita kimya kirefu zaidi, kisha nikaisikia sauti ya binamu yangu, ya chini, haina hata ushindi ndani yake: "Si nilikwambieni."

Taa ya kushoto ilikuwa inazidi mwanga kila nilipokanyaga, kama inavyotakiwa. Ya kulia ilikuwa inazimika kabisa.

Sababu yake niliielewa miaka mingi baadaye, kwa karatasi na kalamu, ingawa ami aliielewa usiku ule ule kwa vidole. Globu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 kwa taa ndogo ya usiku, na wa wati 21 kwa breki. Kila uzi una waya wake wa moto, lakini kitako cha chuma ni kimoja, na hicho ndicho mlango wa kutokea wa nyuzi zote mbili. Mlango wa taa ya kulia ulikuwa umezibika. Taa ndogo zikiwashwa, moto uliingia kwenye uzi mdogo, ukafika kwenye kitako, ukakuta hapatokeki. Ukarudi kinyumenyume kwa uzi mkubwa, ukafuata waya wa breki hadi taa ya kushoto, ukapita uzi mkubwa wa kule na kutokea kwa mlango wa jirani. Uzi mdogo ndio mgumu kupitisha umeme, kwa hiyo yeye ndiye aliyewaka, karibu kama kawaida. Ukitazama nyuma unaona taa mbili ndogo nzima.

Sasa kanyaga breki. Waya wa breki, ambao ulikuwa njia ya kutorokea, unajaa moto wa volti 12. Taa ya kulia inasukumwa moto kutoka pande zote mbili kwa nguvu sawa, na umeme usio na tofauti ya nguvu hauendi popote. Inakufa. Inakufa sekunde ile ile ambayo dereva anapunguza mwendo, na wachia breki tu, inafufuka.

Na kwa nini askari aliziona zote mbili? Kwa sababu ilikuwa asubuhi na taa za usiku zilikuwa zimezimwa. Moto wa breki uliingia kwenye uzi mkubwa, ukatoka kwa uzi mdogo, ukatawanyika kwenye taa nyingine ndogo za gari mpaka ukapata chuma. Uliowaka upande wa kulia ulikuwa uzi mdogo, si ule wa breki. Kwenye jua, nyuma ya kioo chekundu chenye vumbi, nani atapima tofauti? Askari aliulizwa kama taa imewaka, naye akasema kweli.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari za taa ya breki kama wengine wanavyotafuta habari za ukoo wao. Inasimuliwa kwamba mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, Florence Lawrence, alibuni mnamo 1914 kibao cha kusimama kilichoinuka nyuma ya gari dereva akikanyaga breki, na hakukisajili. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya ziada nyuma ya teksi za San Francisco, na ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa kiasi cha asilimia 60. Majaribio ya namna hiyo yalichangia Marekani kulazimisha taa ya tatu ya breki, ile ya juu katikati, kwa magari madogo kuanzia matoleo ya 1986. Macho ya watu yakaizoea. Miaka ilivyokwenda faida iliyobaki ilikadiriwa kuwa asilimia 4.3. Nambari hiyo ndogo bado ni watu wengi.

Lakini kilichonikaa kichwani ni jambo jepesi zaidi. Usiku, nukta mbili nyekundu humpa mtu wa nyuma kipimo: zikitanuka, gari inakaribia. Ikibaki moja, kipimo kimepotea. Nukta moja ni pikipiki, na pikipiki inaweza kuwa popote, mbali au karibu, na yenye taa kali huonekana tu kuwa ni pikipiki yenye taa kali. Binamu yangu hakusinzia. Aliona kile hasa alichokisema, akaamua kupita upande wa kulia, penye giza, ambapo palikuwa na nusu nzima ya gari.

Ilibaki kujua mlango ulizibwa na nani. Ami alilala chini ya gari na mimi nikashika tochi. Waya wa kurudi wa taa ya kushoto ulikuwepo, mweusi, umekazwa kwa nati kwenye chasisi. Wa kulia ulishuka shubiri moja, ukaishia kwenye skrubu iliyozama katika ubao mpya, msafi, uliopigwa randa vizuri. Ulikuwa umefungwa kwenye mbao.

Seremala aliitwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, na alikuja na msumeno wake kwapani akidhani kuna kazi.

"Hapa palikuwa na nini kabla ya ubao huu?" ami alimuuliza.

"Ubao ulioza, bwana. Na ukanda wa chuma chini yake, kutu tupu. Nikaung'oa. Waya wako nikaurudisha pale pale ulipokuwa."

"Ule ukanda ndio uliokuwa waya wangu," ami alisema.

Gari ilipotiwa nyaya mara ya kwanza, katikati ya miaka ya 1980, waya ulipimwa kwa shubiri na kuuzwa kama dhahabu. Ukanda ule ulianzia chini ya taa ya kulia ukaenda hadi kwenye bolti la chasisi, chuma kitupu, bure. Ami akautumia, akaokoa futi sita za waya. Ulifanya kazi miaka kumi na kitu. Seremala hakujua kwamba anang'oa umeme. Aliona chuma kilichooza kinachoharibu mbao, na fundi yeyote wa mbao angekitoa. Wala hakuna mtu aliyewahi kumuita seremala na fundi umeme wakakaa juu ya gari moja siku moja. Bodi ilikuwa ya huyu, nyaya za yule.

Ami hakumlaumu, na mbele yetu hakujitetea. Alinituma dukani nikanunue waya, mita nyingi kuliko zilizohitajika. Akapitisha mweusi mpya kutoka kila taa, moja moja, hadi mahali pamoja kwenye chasisi. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu ya nati ili chumvi isiingie. Kisha akabana waya mmoja wa taa yake ya majaribio kwenye moto wa betri na kwa ule mwingine akagusa kitako cha taa, akapima kurudi. Hivyo ndivyo alivyopima daima baada ya hapo.

Mchana ule kulikuwa na changu wa nazi. Wali ulipofika, ami aliubandua mnofu wa upande mmoja wote wa samaki akausogeza mbele ya binamu yangu bila ya kusema neno, na binamu akaula wote bila ya kusema neno. Bibi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaomba aletewe ndimu.

Ami alifanya kazi miaka kumi na mbili zaidi. Gari ya mbao ikija kwake kwa sababu yoyote, hata honi, aliikatalia kuondoka kabla ya kuingia giza, na wenye gari walilalamika sana kwamba gari yao inalazwa Chake na kupoteza safari ya jioni kwa ajili ya honi.